Katekista Aliyegawanya kwa Mbili

Kule kwetu Ntobeye tulikuwa na Katekista ambaye ukimwomba maji ya kunywa anakuuliza kwanza, "Una kiu ya masaa mangapi?" Usipojibu hupati maji. Ukijibu, anafunga jicho moja, anayageuza masaa yako kuwa dakika, anakutajia, ndiyo anamwita mkewe alete kata. Mimi niliwahi kumwambia nina kiu tangu juzi muda kama huu. Akafunga jicho.

"Hizo ni dakika elfu mbili mia nane na themanini," akasema. "Mtu wa kiu hiyo hasimami mlangoni kwangu anacheka. Analala chini."

Nikanywa kwa aibu.

Jina la ubatizo alikuwa nalo, refu kama barabara ya kwenda Biharamulo, lakini hata mkewe alimwita Katekista, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Watu wa kwetu wakimkumbuka wanacheka, na mara nyingi mimi ndiye ninayewachekesha. Nikibaki peke yangu namkumbuka kwa jambo jingine: kuna mama mmoja kutoka ng'ambo, mkimbizi, aliyekuwa anamtafuta binti yake mdogo, na kuna hesabu Katekista aliifanya juu ya mtoto yule. Nitaisema. Ila huwezi kuielewa hesabu ile kama hujamjua mwenye kuifanya.

Alikuwa na saa ya mkononi aliyoachiwa na padre mmoja aliyehama. Kioo kilikuwa kimetoka, mshale mrefu ulishadondoka shambani kwenye palizi, amebaki na ule mfupi. Mtu mwingine angeitupa. Yeye alisema mshale mrefu ni wa wavivu. Mshale mfupi ukisogea kialama kimoja kidogo, dakika kumi na mbili zimekwisha. Ukisogea nusu ya kialama, sita. Anaileta ile saa mpaka inagusa pua, anaikodolea mpaka machozi yanamtoka, halafu anatangaza, "Saa tatu na dakika thelathini na nane." Siku moja alikuja padre mgeni na saa nzima, inang'aa, mishale yote mitatu iko kazini. Wakatofautiana dakika mbili. Katekista akamwambia padre arekebishe ya kwake. Naapa. Na padre akarekebisha.

Sasa ajabu ya mtu huyu, hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Kengele ya kigango, kile kipande cha ringi ya lori kilichoning'inia, alitakiwa aigonge saa moja asubuhi. Anatoka nyumbani mapema kabisa. Njiani anakutana na mtu anasema, "Nimeumwa wiki mbili na siku tatu." Katekista hawezi kupita hapo. Lazima asimame, "Siku kumi na saba." Mbele anakutana na mama anasema mimba yake ina wiki thelathini, kadi ya kliniki imesema hivyo. Anasimama tena, anamgeuzia wiki kuwa miezi, anamwambia atajifungua wakati gani wa kupalilia. Akifika kwenye kengele, watu tumeshasali wenyewe, tumemaliza, tumeanza kusengenyana.

Mimi shule niliipita kwa nje nikiwa na mbuzi. Hakunicheka hata siku moja. Nilimwambia nina miaka thelathini, akanipa siku zangu: elfu kumi mia tisa hamsini, halafu akaongeza saba za ile miaka mirefu. Nikaondoka pale natembea kama mkuu wa mkoa. Nikaenda kwenye rubisi, nikawatangazia walevi wote kwamba wanakunywa na mtu wa siku elfu kumi mia tisa hamsini na saba. Wakanipisha kigoda. Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu.

"Siku zote hizo," mke wangu akasema, "na choo bado hakina mlango?"

Za kwake Katekista hakuzitaja. Ukimuuliza ana siku ngapi anaanza kukohoa.

Hata harusi aliziingilia. Bwana harusi akisema, "Tunakuja kuchukua mke baada ya miezi mitatu," Katekista anauliza, "Ya angani au ya ukutani?" Maana miezi mitatu ya angani, ya kuutazama mwezi wenyewe, haizidi siku themanini na tisa. Ya ukutani, ya kalenda, inaweza kufika tisini na mbili. Kuna ukoo wa Kibimba walimdharau, wakasema mwezi ni mwezi. Upande wa binti wakahesabu ya angani, upande wa mume wakahesabu ya ukutani. Wajomba wa binti wakakaa siku tatu na pombe iliyoiva mbele yao, eti wanawangojea wageni. Wageni walipofika, ukiita ndani ya mtungi unaitikiwa na sauti yako.

Ndiyo mtu huyo. Halafu wakimbizi wakaja.

Mimi huwa naongeza chumvi, kila mtu anajua. Lakini hapa weka chumvi yako pembeni, sihitaji. Barabara haikuonekana. Ilikuwa vichwa, magodoro, masufuria, mbuzi, na vichwa tena, wanatoka kwenye daraja la mpakani mchana kutwa na kesho yake na kesho kutwa, na hawakuwa wanapiga kelele. Watu wengi hivyo, na unasikia miguu tu. Katekista alisimama kando ya barabara na saa yake. Ng'ambo ya daraja saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja nzima, na yeye aliona ni kazi yake kuwaambia. Akawa anatangaza kwa lugha yao, maana Kihangaza na lugha yao ni ndugu wa tumbo moja: "Sogezeni saa zenu mbele! Huku mmeongezewa saa moja!"

Mama mmoja mwenye mzigo kichwani akasimama mbele yake. "Mzee," akasema, "saa hiyo ungetuletea jana."

Akaendelea kutembea. Nilimtazama Katekista. Aliivua saa akaitia mfukoni.

Ndani ya msimu mmoja milima iliyokuwa na miti ilibaki kama kichwa changu. Mimi nilikuwa nasukuma ndizi kwa baiskeli kutoka Ntobeye mpaka kambini, nauza kando ya turubai za ofisi, kwa hiyo niliyaona. Watu waliharisha na kufa asubuhi, wengine wakaingia kwenye turubai zao mchana. Wachimba makaburi walikuwa na zamu kama watu wa kiwandani.

Katekista akaja kambini kujitolea. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya vidonge. Mganga anampa mtu dawa, anamwambia ameze kila baada ya masaa sita. Masaa sita utayajuaje kama huna saa? Kwetu vijijini angeambiwa meza jogoo akiwika, meza ng'ombe wakitoka, meza wakirudi. Kambini ng'ombe hakuna, na jogoo wa mwisho alishaliwa na manyoya yake. Katekista akakaa akafikiri, akatoka na hesabu mpya. Cha kwanza, lori la maji likiingia. Cha pili, kivuli cha nguzo kikiwa kwenye miguu ya nguzo. Cha tatu, moshi wa jioni. Cha nne, ukiamshwa na kikohozi cha jirani.

"Na jirani akifa?" mtu mmoja akamuuliza.

"Utamsikia wa upande wa pili."

Watu walicheka, nakwambia. Walikuwa wamekaa chini wanashika matumbo yao, na walicheka.

Kutoka vidonge wakampeleka kwenye meza ya watoto. Hawa ni watoto waliopotezana na wazazi barabarani, na walikuwa wengi kuliko unavyotaka kusikia. Kila mtoto aandikwe: jina, kwao, umri. Walio chini ya miaka mitano wanapelekwa kwa akina mama wa uji wa maziwa, pale pale kambini. Waliovuka mitano wanakwenda kwenye mabanda mengine, na hao baadaye walipakiwa malori kupelekwa kambi ya upande wa Biharamulo kwa sababu huku kulijaa. Kwa hiyo umri haukuwa mchezo. Umri ndio uliosema mtoto alale wapi na atafutwe kwenye karatasi ipi.

Aliyekuwa anaandika mwanzo ni karani mmoja kijana, mtu wa mikoa mikavu huko katikati ya nchi, ambako mvua ni moja na mavuno ni moja. Unamuuliza shangazi wa mtoto, "Ana miaka mingapi?" Shangazi hajui miaka. Anasema, "Tangu azaliwe tumevuna maharage mara kumi na sita." Karani anaandika miaka kumi na sita! Na mtoto amekaa pale anang'oka meno ya utoto. Katekista alipoiona karatasi ile alipiga kelele utadhani amekanyaga siafu.

"We karani! Unataka kuwaoza hawa? Huku kwetu maharage yanavunwa mara mbili kwa mwaka. Gawanya kwa mbili!"

"Mzee, mimi sikujua."

"Sasa umejua. Mtama ni mara moja, unauacha ulivyo. Maharage unagawanya kwa mbili."

Wakampa kiti na daftari. Alikaa mbele ya meza ile kama hakimu. Wanawake wanakuja na mavuno, wanaondoka na miaka. Kumi, mitano. Nane, minne. Alifika mahali hakungoja mtu amalize kusema. Ukisema "maharage" tu, yeye ameshagawanya. Mimi nilikuwa pembeni na ndizi zangu nasema moyoni, huyu mtu Mungu alimwumba kwa ajili ya meza hii.

Basi siku moja akaja mzee mmoja mwenye jicho moja, ananing'iniza redio isiyo na betri shingoni, amembeba mtoto wa kike mgongoni. Si wake. Alimwokota njiani baada ya daraja, akamtambua ni wa jirani yake. Jina halisi la mama wa mtoto hakulijua, alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana majirani. Na mtoto walimwita kwa jina la kumbembelezea ambalo wanalo watoto mia. Mtoto mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa ameshika waya wa ile redio.

"Umri?" Katekista akauliza.

"Alizaliwa tukiwa tunavuna maharage," mzee akasema. "Tangu hapo tumevuna mara kumi na mbili. Lakini sisi kule..."

"Inatosha, mzee wangu. Hesabu imepatikana." Akaandika sita.

"Sisi kule kwetu..."

"Imepatikana. Nani anafuata?"

Mimi niliyasikia hayo kwa masikio yangu, nikiwa nachagua ndizi zilizobonyea. Na mtoto ulikuwa huwezi kumpima kwa macho, kwa sababu njaa ilikuwa imewapunguza wote. Wa miaka sita alionekana wa minne, wa minne alionekana wa miwili. Mzee yule alikufa siku ya pili, kuharisha. Mtoto akaenda kwenye mabanda ya waliovuka mitano, na malori yalipokuja akapanda lori la Biharamulo.

Halafu ndiyo akaja mama mtu.

Mama mrefu, mwembamba, kanga moja. Hakujua nani alimchukua mtoto wake. Alimwachia mkono kwenye msongamano wa daraja, hakumwona tena. Akasema anatafuta wa kike, wa miaka minne. Katekista akafungua karatasi ya chini ya mitano, akaisoma yote kwa kidole. Wale waliokuwa na jina lile akawataja mmoja mmoja, mama akaenda kuwaangalia, akarudi. Si wao.

"Kesho utakuja," Katekista akamwambia. "Kila siku wanaletwa wengine."

Kesho akaja. Kesho kutwa akaja. Alikuja siku ishirini na tatu, na sizidishi, Katekista mwenyewe ndiye aliyeniambia idadi. Kila siku kidole kinashuka kwenye karatasi ile ile ya watoto wadogo. Akimaliza anakuja kukaa karibu na ndizi zangu, hanunui, haombi. Nilikuwa namtania, "Mama, leo usipokula ndizi hii nitaioa mimi mwenyewe." Siku moja moja alitabasamu.

Siku ya ishirini na tatu alifika wakati Katekista anakula. Mkewe alikuwa amemletea maharage ndani ya bakuli. Katekista akamkaribisha, mama akachota kidogo kwa vidole.

"Haya ni ya mlimani," akasema, kwa kuzungumza tu. "Yetu ya bondeni hayachukui muda kuiva."

"Nyinyi mnalima bondeni?"

"Bondeni kabisa, kwenye maji. Kiangazi maji yakishuka tunapanda tena. Nyinyi huku juu mnatazama vumbi, sisi tunavuna mara ya tatu."

Mkono wa Katekista ulisimama katikati ya bakuli na mdomo. "Mara ya tatu kwa mwaka mmoja?"

"Kwa mwaka mmoja, mzee."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Lile bonde halikauki."

Hakutafuna kilichokuwa mdomoni. Alivuta lile daftari kwa mkono wenye mchuzi, akageuza kurasa, akageuza, akafika. Nikamwona anafunga jicho, halafu nikamwona analifungua.

"Kuna mzee unayemfahamu," akasema polepole, "jicho moja, redio shingoni?"

Mama akasimama. "Jirani yetu. Jirani yetu wa mtoni! Yuko na mwanangu? Mzee, yuko wapi?"

"Mtoto yuko Biharamulo," Katekista akasema. "Niliandika sita. Kumi na mbili ilikuwa igawanywe kwa tatu. Mzee wa watu alitaka kuniambia, nikamkatiza."

Mama alitaka kuondoka saa hiyo hiyo kwa miguu. Lakini mkimbizi bila kibali hatoki kambini, na kibali kina siku zake. Katekista akamwambia, "Kaa. Nitamleta mwenyewe." Asubuhi akapanda lori la mizigo. Nilimpa ndizi za njiani, na nilimwambia utani fulani ambao sitaurudia.

Alirudi siku ya nne, peke yake. Mama alikuwa amekaa barabarani tangu lori la kwanza la siku ya kwanza. Nilikuwepo. Katekista alishuka, akamwambia, "Alifika kule, jina lake nimelikuta. Wamemhamisha tena. Hawajui kundi lake limepelekwa wapi." Halafu akapiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima yule, akasema, "Kosa ni langu. Niligawanya vibaya."

Mama akamshika mkono akamwinua. "Mzee, wewe ulikosea hesabu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwachia mkono."

Baadaye kambi zikafungwa, watu wakarudishwa ng'ambo, mama naye akavuka na wenzake. Milima ikabaki na vigingi vya turubai na makaburi. Katekista akaacha meza, akaacha na kengele. Ukimwomba maji, anakupa maji. Mwanzoni tulidhani anaumwa. Mimi nilimchokoza: "Katekista, nina miaka mitatu zaidi, niongezee siku zangu." Akasema, "Hesabu mwenyewe, baba." Akajifunga kwenye shamba, akahamia Keza kwa binti yake. Mimi nikaenda kulima Biharamulo, tukapotezana.

Miaka ilipita. Nilirudi Ntobeye kwa msiba, nikaambiwa Katekista anakuuliza, uende Keza usichelewe. Nikapanda baiskeli. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba kama mihogo ya bonde, anapepeta maharage yaliyoanikwa. Ilikuwa mchana, binti yake yuko shambani.

"Shikamoo Katekista."

"Marahaba. Kaa. Leo anakuja."

"Nani?"

"Mama yule wa bondeni. Anakuja kila mwaka wakishavuna yale ya kiangazi. Anaingia sokoni, halafu anapita hapa."

Nikafurahi. Nikaanza kusema, ndiyo maana mimi naamini wanawake wa ng'ambo wana miguu ya chuma. Akaniinulia kiganja.

"Kule Biharamulo hawakumhamisha," akasema. "Nilimkuta kaburini. Kuharisha. Wiki moja kabla sijafika."

 Kuku alipita kwenye mkeka, hakuna aliyemfukuza.

"Namba ya daftari niliyompa mimi ilikuwa pale kwenye kibati cha kaburi. Na sita yangu ilikuwa pale. Niliomba msumari, nikaikwaruza, nikaandika nne. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya Biharamulo." Akapepeta, makapi yakaruka. "Siku mama mtu alipofika mezani kwangu mara ya kwanza, mtoto alikuwa mzima. Akaendelea kuwa mzima siku kumi na saba. Masaa mia nne na nane. Na mimi napitisha kidole kwenye karatasi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilishuka kwenye lori nimeshaipanga habari yote. Nikaanza na ndogo ili nifike kubwa. Nikasema wamemhamisha, nimpe nafasi ya kupumua, halafu nikakiri nilivyogawanya. Akanisamehe pale pale, ulimwona. Mtu akishakusamehe, na amekushika mkono, unamwambiaje lililobaki?"

"Na miaka yote hii?"

"Kila mwaka nasema mwaka huu. Leo nitasema. Nimekuita ukae hapo. Nikishindwa, sema wewe. Wewe mdomo wako haujawahi kukushinda."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa haraka haraka, kama mtu anayeahidi kubeba gunia la mtu mwingine.

Alifika jua likiwa limeanza kulala upande. Amezeeka kidogo, bado mrefu, kikapu kichwani. Alitusalimu, akanitambua kabla sijafungua mdomo.

"Huyu wa ndizi bado anaongopa?"

"Siku hizi naongopa kwa kipimo, mama."

Akacheka, akatua kikapu. Akamimina maharage mazuri, mekundu, kwenye ungo wa Katekista, zawadi. Akaeleza habari za kwao, nani kaoa, mto ulivyojaa. Alikuwa amepita sokoni, amewauliza wenye magari ya Kahama kama wamewahi kusikia kundi la watoto waliohamishwa kutoka Biharamulo. Mmoja alisema atauliza. Halafu akakaa vizuri kwenye mkeka, akanyoosha miguu, na nikajua sasa ndiyo kile alichokijia.

"Tumevuna tena, Katekista. Na haya, ukijumlisha ya miaka ya kambini, ni mara thelathini na tatu tangu nimzae. Nihesabie."

Yeye mwenyewe alikuwa anaweza. Hesabu hiyo angeifanya akiwa anamenya ndizi. Alitaka kuisikia inatoka kwa mzee.

Katekista alinitazama. Mimi nikatazama maharage. Nilikuwa na maneno, nakwambia kweli, yalikuwa yamejaa mpaka kwenye meno, na nilifungua mdomo, na nikasema, "Maharage haya yamekauka vizuri." Basi. Mdomo uliochekesha kata nzima ukasema hivyo, ukafunga.

"Thelathini na tatu," Katekista akasema. "Gawanya kwa tatu." Alipitisha mkono juu ya ungo, akaokota jiwe ambalo sikuliona, akalitupa. "Kumi na moja."

"Kumi na moja!" Mama akapiga makofi mara moja. "Basi huyo anachota maji, anasuka, anajibu wakubwa!" Akasimama, akanyoosha kiganja hewani usawa wa mbavu zake, akakitazama kama kuna nywele chini yake. "Atakuwa amenifika hapa?"

Katekista alikitazama kile kiganja.

"Juu kidogo," akasema.

Mama akainua mkono.